Makaburi ya Durban na Jina la Wazanzibari

Makaburi ya kale ya Mtaa wa West, katikati ya Durban, yamezingirwa na masoko, vituo vya mabasi na reli. Sehemu ya Wakristo inapakana na ya Waislamu, iliyo upande wa Mtaa wa Brook. Humo wamo watu wawili ambao mji haujawasahau, mchoraji Mwingereza na walii wa Kihindi. Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, makaburi hayo yanaibua swali kuhusu watu wa tatu, waliofika Durban katika zama hizohizo na ambao hata jina lao walipewa na wengine.

Mchoraji ni Thomas Baines, aliyefariki mjini humo tarehe 8 Mei 1875. Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi. Mwaka uliofuata akafukuzwa kwa tuhuma ya kuiba mali ya msafara, tuhuma aliyoikana hadi mwisho wa uhai wake. Aliyefukuzwa kwa aibu aliokolewa na kazi ya mikono yake. Alifika kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya mwaka 1862 akayachora, na picha zake zikalibeba jina lake kuliko jiwe lolote la kaburi. Katika msafara huohuo alikuwamo daktari Mskoti, John Kirk, ambaye baadaye alikuwa konsuli wa Uingereza Zanzibar.

Walii ni Sheikh Ahmed, maarufu kwa jina la Badsha Peer. Wafuasi wake husimulia kwamba aliletwa Natal mwaka 1860 na Truro, meli ya kwanza ya wafanyakazi wa mkataba kutoka India. Kwamba aliachiliwa kazi ya mashamba ya miwa kwa kudhaniwa kuwa na wazimu. Na kwamba aliishi jirani na Msikiti wa Juma wa Mtaa wa Grey hadi alipofariki mwaka 1894. Mwaka uliofuata aliwasili Durban Soofie Saheb, mwalimu wa tarika aliyejenga misikiti na madrasa kadhaa Natal. Masimulizi hayohayo yanasema ndiye aliyelitambua kaburi la Badsha Peer. Tangu hapo linazuriwa, na hauli yake hukusanya umati kila mwaka. Kibarua wa miwa ameheshimiwa hivyo kwa sababu alipata watu wa kumwombea.

Watu wa tatu waliletwa na mkono wa Kirk. Tarehe 5 Juni 1873, kwa shinikizo lake na la Sir Bartle Frere, Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la Zanzibar. Manowari za Uingereza zilipokamata majahazi, lilizuka swali la wapi wapelekwe waliokombolewa. Natal ilikuwa na mashamba yenye uhaba wa vibarua. Agosti 1873 manowari Briton iliteremsha watu 113 bandarini Durban, na kufikia mwaka 1880 walikuwa wamezidi 500. Waliitwa huru, kisha wakagawiwa kwa waajiri kwa mikataba ya kazi.

Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini ya Msumbiji. Zanzibar ilikuwa kituo cha njiani tu, lakini makarani wa Natal waliwaandika kwa jina la bandari hiyo. Waliokuwa Waislamu walipata makao ya kudumu mwaka 1899, wadhamini wa Msikiti wa Juma waliponunua ardhi King's Rest, kwenye rasi ya Bluff. Huko walisali, wakasomesha watoto wao Kurani na kuzika wafu wao. Nyumbani waliendelea kusema Kimakua.

Jina lililotokana na kosa la karani likaja kuwa ngao. Chini ya ubaguzi wa rangi, Mwafrika alibanwa na sheria za pasi na kunyimwa makazi mjini. Wazee wa King's Rest walisisitiza kuwa wao ni Wazanzibari na Waislamu. Mwaka 1961 serikali ikawaweka katika kundi la "Waasia Wengine". Nafuu hiyo ilikuwa na gharama yake. Bluff ilikuwa imetengwa kwa wazungu, na Wazanzibari wakahamishiwa Chatsworth, kitongoji kilichojengwa kwa ajili ya Wahindi. Waliinusuru hadhi yao, wakatenganishwa na makaburi ya wazee wao.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 1994 ya kurejesha haki za ardhi ilipofungua mlango, walidai King's Rest. Anayedai ardhi kwa hoja kwamba babu yake amelala humo anadai pia kuandikwa katika historia ya mji. Baines aliandikwa kwa picha zake, na Badsha Peer kwa dua za wafuasi wake. Wazanzibari hawakuacha picha wala walii mwenye umati wa Mtaa wa Brook. Walichokuwa nacho ni kipande cha ardhi chenye wafu wao, lugha waliyoihifadhi nyumbani, na jina la kisiwa ambacho wengi wao walikipitia tu wakielekea kwingine.