Harufu ya uvundo nyumbani: Dawa yake ni kukausha, si manukato

WAKAZI wa Chara, katika eneo bunge la Garsen, Kaunti ya Tana River, wanaifahamu vyema harufu inayobaki nyumbani baada ya maji ya mto kupungua. Hukaa katika kuta, katika magodoro na katika nguo zilizofungiwa sandukuni, na yaweza kudumu miezi kadhaa baada ya matope kuondolewa.

Harufu iyo hiyo huwasumbua wenye viyoyozi mijini, kutoka Malindi hadi Mombasa, ambao huenda nyumba zao hazijafikiwa na mafuriko hata siku moja. Chanzo ni kile kile: ukungu, ambao wengine huuita koga au kuvu, unaoota mahali palipo na unyevu.

Chembe za ukungu huelea hewani kila mahali na haiwezekani kuzimaliza. Chakula chake nacho ni tele nyumbani, kwani hula mbao, makuti, karatasi, pamba na hata vumbi. Kinachoweza kudhibitiwa ni maji peke yake. Ukungu unapoota hutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazonuka. Kwa hiyo nyumba inayoendelea kunuka uvundo ni nyumba ambayo bado ina unyevu mahali fulani, hata kama sakafu yaonekana kavu.

Katika delta ya Tana unyevu huo hauna msimu mmoja. Mto Tana, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mvua kubwa ikinyesha nyanda za juu na bwawa la Masinga likafurika, maji huwafikia watu wa delta siku kadhaa baadaye, pengine kwao kukiwa na jua kali. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, na tena katika mafuriko ya 2018, 2023 na 2024.

Maji hayo ni neema kwa mashamba ya mpunga ya Wapokomo na malisho ya mifugo ya Waorma. Kwa nyumba ni jambo jingine.

Siku mbili za kwanza

Ukungu huanza kuota katika kitu kilicholowa baada ya saa 24 hadi 48. Familia iliyohamia penye mwinuko kwa wiki tatu haina namna ya kuuwahi muda huo, lakini yule ambaye paa lake limevuja, au aliyeingiliwa na maji kwa usiku mmoja tu, anaweza kuepuka tatizo lote akitoa vitu nje na kuvianika mara moja.

Wanaorejea baada ya muda mrefu wanafaa kuanza kwa kutenganisha vitu vya kuokoa na vya kutupa. Godoro la sponji lililozama katika maji ya mafuriko ni la kutupwa, ingawa kuliacha ni uchungu kwa familia isiyo na jingine. Maji hayo hupitia vyooni na mazizini kabla ya kufika chumbani, na sponji haioshwi ikasafika hadi ndani. Mikeka, vyombo vya udongo na samani za mbao ngumu husafishwa kwa sabuni na maji safi, kisha huanikwa juani hadi vikauke kabisa.

Chakula kinahitaji uangalifu zaidi ya vyote. Mahindi, mchele au karanga zilizolowa na kuanza kunuka uvundo hazifai kuliwa wala kupewa mifugo, kwa kuwa baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 kati ya 317 waliougua nchini Kenya, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuanika upya mahindi yaliyokwisha kuvunda hupunguza harufu na kuiacha sumu mahali pake.

Kuta za udongo na kuta za matofali

Nyumba ya fito na udongo ina sifa moja njema, nayo ni kwamba hupumua. Ukuta wake hukauka pande zote mbili iwapo utapewa nafasi. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kukandika udongo mpya juu ya ule uliolowa ili nyumba ipendeze haraka. Unyevu hubaki katikati, fito huoza, na harufu hurudi mvua nyingine inapoanza. Inafaa udongo laini wa sehemu ya chini ubanduliwe, fito ziachwe wazi zikauke, zilizooza zibadilishwe, ndipo ukandikaji ufanywe.

Nyumba ya matofali na saruji hukauka polepole zaidi, hasa ikiwa imepakwa rangi ya mafuta inayoziba vitundu vya ukuta. Rangi iliyovimba au kubambuka ni ya kukwanguliwa, na ukuta uachwe wiki kadhaa kabla ya kupakwa tena.

Katika vijiji vya chini vya delta kuna tatizo la ziada. Maji ya bahari hupanda mtoni wakati mto umepungua, na chumvi huingia katika udongo na visima. Chumvi iliyomo katika mchanga au maji ya kujengea huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo ukuta huonekana umelowa hata wakati wa kiangazi. Wengi huudhania unga mweupe unaotokea hapo kuwa ukungu. Kipimo chake ni rahisi: matone machache ya maji huyeyusha chumvi, lakini ukungu hauyeyuki. Chumvi hufagiliwa ikiwa kavu. Ukungu haufai kufagiliwa ukiwa mkavu, kwani chembe zake hutawanyika chumba kizima.

Ukungu ulioko kwenye sehemu ngumu kama saruji, vigae au mabati huondolewa kwa kusuguliwa na maji ya sabuni. Dawa ya klorini ya kufulia, maarufu kama jiki, inaweza kufuatia, kikombe kimoja kwa vikombe 16 vya maji, madirisha yakiwa wazi. Kamwe isichanganywe na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu huenda ikatoa gesi ya sumu. Kwenye udongo na mbao klorini haisaidii sana: hubadilisha rangi ya juu tu na maji yake huzama ndani kuongeza unyevu.

Wazee wa pwani walikuwa na njia bora zaidi, nayo ni chokaa. Ukuta uliopakwa chokaa huwa mkali kiasi kwamba ukungu hauoti kwa urahisi, na bado huruhusu unyevu kutoka. Nyumba za mawe za Lamu zimetunzwa hivyo kwa vizazi vingi, na inasikitisha kuona rangi za plastiki zikichukua nafasi yake katika hali ya hewa isiyozifaa. Anayepaka akinge macho na mikono, kwani chokaa mbichi huunguza.

Madirisha yanafaa kufunguliwa kuanzia jua linapokolea hadi alasiri, wakati hewa ni kavu zaidi, na makabati yasogezwe mbali na ukuta. Kuwasha jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kukikausha ni hatari, kwa kuwa gesi yake huua bila kunusika.

Ubani na udi

Kufukiza udi na ubani ni sehemu ya maisha ya Waswahili, na hakuna sababu ya kuacha desturi hiyo. Hata hivyo, moshi huo hufunika harufu kwa saa chache bila kuugusa ukungu. Mahali penye mgonjwa wa pumu huenda ukamzidishia tabu. Nguo zilizonuka uvundo hufuliwa kwa maji ya moto, husuuzwa kwa maji yenye siki kidogo, huanikwa juani, na baada ya hapo ndipo zifukizwe kwa mapenzi ya mwenyewe.

Kiyoyozi kinaponuka

Kiyoyozi hakikubuniwa awali ili kuwaburudisha watu. Mwaka 1902 mhandisi Mmarekani, Willis Carrier, alitafuta namna ya kupunguza unyevu katika kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa. Ni ajabu basi kwamba mashine iliyotengenezwa kukausha hewa ndiyo hugeuka chimbuko la uvundo katika nyumba nyingi za pwani.

Sababu imo katika utendaji wake. Hewa ya chumba hupitishwa juu ya mabomba baridi, na mvuke hugeuka maji kama unavyotokea kwenye gilasi ya maji ya barafu. Maji hayo hudondokea kwenye sinia ndogo na kutoka nje kwa mpira. Vumbi likijaa kwenye chujio, au mpira ukizibwa na ute, maji hutuama gizani pamoja na chakula cha kutosha cha ukungu.

Kabla ya kukifungua ni vizuri kuhakikisha kwamba kosa ni lake. Kizimwe kwa siku moja, kisha kuta na kapeti zinuswe. Ikiwa chumba chenyewe kinanuka, kiyoyozi kinarudisha tu hewa iliyokwisha kuharibika. Harufu ya mzoga huenda ikawa ya mjusi aliyefia ndani, jambo la kawaida pwani. Harufu ya plastiki inayoungua ni hitilafu ya umeme, na mashine izimwe papo hapo.

Kosa likiwa ni la kiyoyozi, umeme ukatwe kwenye swichi kuu. Chujio hutolewa, huoshwa kwa maji na sabuni, hukaushwa kivulini na kurudishwa kikiwa kikavu. Katika maeneo yenye vumbi kazi hii hufanywa kila baada ya wiki mbili. Vumbi lililo kwenye mapezi ya mabomba huondolewa kwa brashi laini, bila kuyakunja. Sinia hupanguswa, na mpira wa maji huzibuliwa kisha kumiminiwa maji yenye siki. Jiki isitumiwe hapo kwa kuwa hula alumini.

Kinachozuia harufu isirudi ni jambo dogo ambalo wengi hawalifanyi: kukiacha kiyoyozi kwenye feni pekee kwa takriban nusu saa kabla ya kukizima, ili mabomba yakauke. Umeme unapokatika ghafla mabomba hubaki yamelowa, hivyo ukirudi ni vyema kuanza na feni. Vilevile, mashine kubwa mno kwa chumba kidogo hupoza haraka na kujizima kabla ya kukausha hewa, na chumba hubaki baridi chenye unyevunyevu. Hapo hakuna usafishaji utakaosaidia.

Kiyoyozi kilichofikiwa na maji ya mafuriko kisiwashwe kabla fundi hajakikagua.

Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2009 unahusisha unyevu na ukungu wa nyumbani na kukohoa, mzio na pumu. Rangi ya ukungu, iwe nyeusi au kijani, haionyeshi kiwango cha hatari. Anayesafisha avae barakoa na glavu, na watoto pamoja na wenye pumu wawe nje hadi kazi iishe. Anayeendelea kukohoa au kubanwa na kifua baada ya nyumba kukauka anafaa kupelekwa kituo cha afya.