Ndizi, Serotonini na Moyo: Nadharia Tete ya Makerere Ikitazamwa kutoka Majengo, Moshi

Katika nyumba za Majengo mjini Moshi, kama katika vihamba vya miteremko ya Kilimanjaro, ndizi huliwa kwa mtori na machalari, na hutengenezewa mbege. Chakula hicho kilipata kushukiwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa moyo. Makala haya yanafuatilia tuhuma hiyo na kudai kwamba, ingawa ilikuwa na msingi wa kikemia, ilishindwa ilipolinganishwa na wagonjwa wenyewe.

Mwaka 1948 J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa Kampala, alieleza ugonjwa ambao makovu hutanda ndani ya moyo na kuuzuia kujaa damu. Mwaka huohuo, huko Cleveland, Rapport, Green na Page waliitenga serotonini. Ilipofika 1958, watafiti wa Marekani walionyesha kuwa ndizi zina kemikali hiyo. Kwa kuwa wagonjwa wa uvimbe wa karsinoidi, unaotoa serotonini nyingi, hupata makovu upande wa kulia wa moyo, matoke ya Buganda yakatiliwa shaka. Mwaka 1962 M. A. Crawford wa Makerere alichapisha vipimo vya mabaki ya serotonini katika mkojo wa Waafrika wa Mashariki.

Hoja tatu ziliidhoofisha nadharia tete hiyo. Kwanza, serotonini inayoliwa huvunjwa kwa sehemu kubwa na utumbo na ini. Mabaki katika mkojo yanaonyesha kuwa mwili umekwisha kuivunja. Pili, nchini Uganda wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi waliugua kwa uwiano mkubwa kuliko Waganda, walaji wakuu wa matoke. Tatu, utafiti wa Inharrime, Msumbiji, uliochapishwa 2008, ulikuta dalili za ugonjwa huo kwa asilimia 19.8 ya waliopimwa, mahali ambapo watu hutegemea muhogo.

Elimu ya vipokezi ilibadilisha swali lenyewe. Mwaka 1957 Gaddum na Picarelli walibaini kuwa serotonini hufanya kazi kupitia vipokezi vya aina zaidi ya moja. Baada ya fenfluramini kuondolewa sokoni Marekani mwaka 1997, watafiti walihusisha madhara yake kwa vali za moyo na kipokezi kimoja, 5-HT2B. Dawa ya majaribio RS-127445, iliyoelezwa 1999, hukizuia kipokezi hicho huku ikigusa vingine kidogo sana. Haijawa tiba, wala vali zilizoharibika si ugonjwa wa Davies. Hata hivyo, sasa mtafiti hawezi kuishia kuuliza kuna serotonini kiasi gani katika chakula. Hana budi kuonyesha inafika kwenye kipokezi kipi, cha tishu ipi, na kwa muda gani.

Kwa mantiki hiyo, kuwaonya wakazi wa Majengo dhidi ya mtori kwa ajili ya moyo kungekuwa kuirudia tuhuma bila ushahidi. Chanzo cha ugonjwa alioueleza Davies bado hakijathibitishwa, na ndizi haipaswi kujaza pengo hilo.