Kifungua Kinywa Kando ya Gurudumu
Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, Kampala 1931 na Kasese 1956, lakini Mbarara haikufika kabisa. Mji huu umelelewa na malori, na wapishi wa alfajiri wa malori tulikuwa sisi matingo, wasaidizi wa madereva.

Nilianza nikiwa kijana, njia ya Mombasa kwenda Kigali. Chini ya trela palifungwa sanduku la chuma: sufuria mbili, kisu, jiko la mafuta ya taa na chumvi ndani ya kopo kuukuu la maziwa. Tukilala Mbarara, dereva huamka akagonga matairi. Mimi nawasha jiko nyuma ya gurudumu, upepo usilizime. Maziwa ya Ankole hayataki maji mengi. Tangawizi, majani, yapande mara mbili, basi. Ndizi nilizimenya mikono ikiwa na mafuta, utomvu usinigande, nikazipika pamoja na maharage ya jana. Hiyo ndiyo katogo, na kwangu hakuna mkate unaoifikia.

Makazi ya Nakivale, yaliyofunguliwa 1958 kwa wakimbizi wa Rwanda, baadaye yalileta mapishi mengine. Kwa mama mmoja Msomali huko nilikula anjera ya moto na chai ya iliki.

Sasa naishi Nyamitanga. Mwanangu ndiye anayeshika usukani, na kwenye lori ana mtungi mdogo wa gesi. Mayai na nyanya hujikaangia Masaka. Katogo anaisubiri hapa kwangu, maana ndizi hazipikwi kwa haraka.