Mzio: Mgonjwa wa Karatu aanzie wapi?

KUPIGA chafya mfululizo au kuwashwa ngozi kila vumbi jekundu la Karatu linapotimka huenda si mafua wala uchafu, bali ni mzio: mwili hupambana na kitu kisichowadhuru watu wengine, kama vumbi, chavua, manyoya ya wanyama au chakula.

Kazi ya daktari bingwa wa mzio ni kukitambua kitu hicho. Kwanza humhoji mgonjwa: dalili huanza lini, wapi na baada ya kula au kugusa nini. Kisha huweza kudondoshea ngozi ya mkono matone ya vitu vinavyoshukiwa, akaichoma kidogo na kuangalia kama itavimba ndani ya dakika 15 hadi 20. Vipimo vya damu hutumika pia.

Mabingwa wa fani hiyo ni wachache nchini. Mkazi wa Karatu au Ngorongoro huanzia hospitali ya karibu, kama ile ya Kilutheri mjini Karatu. Akihitaji rufaa, KCMC ya Moshi, zaidi ya kilomita 200, ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992.

Hata hivyo, aliyevimba ulimi, anayepumua kwa shida au kuishiwa nguvu ghafla baada ya kuumwa na nyuki, kula chakula au kumeza dawa, asisubiri rufaa. Awahishwe kituo cha afya kilicho karibu achomwe sindano ya adrenalini. Kuchelewa kwa dakika chache huweza kugharimu maisha.