Kubangua Korosho Newala na Masasi: Mashine na Mkono

Katika Kiswahili cha kusini neno kubangua mara nyingi halihitaji kutajiwa kitu kibanguliwacho. Asikiaye hujua ni korosho. Mti wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Jina lao, caju, limesalia katika mkanju wa Mombasa, ilhali watu wa Mtwara na Lindi husema mkorosho, na tunda lake huliita bibo.

Hata kufikia miaka ya 1970 sehemu kubwa ya korosho za Tanzania ilipakiwa ghafi kwenda India, na huko Kerala wanawake wakazibangua kwa mikono. Serikali ikaiona hasara hiyo. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia na fedha nyinginezo viwanda vikaongezwa hata vikawa 12, vyenye mashine za Kiitalia na za Kijapani. Newala ikapata viwili, na Masasi kimoja.

Korosho, lakini, hazilingani. Mashine ya Kiitalia huikamata korosho baina ya visu viwili vilivyopindwa kwa umbo lake; basi sharti zichambuliwe kwanza kwa ukubwa, na ile iliyokosewa kipimo hukatwa pamoja na karanga yake. Nayo karanga nzima ndiyo yenye bei. Iliyovunjika hushuka daraja. Tena kiwanda kilikuwa mnyororo mmoja: kuchemsha, kubangua, kukausha, kumenya, kupanga madaraja. Pingili moja ikikatika, zote husimama, na kipuri hungoja fedha za kigeni zilizokuwa adimu. Walioandika ramani za viwanda hivyo walimhesabu mfanyakazi kuwa mlishaji wa mashine tu.

Mali ghafi nayo ikapotea. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Wakulima walihamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Bei ilikuwa duni. Na ugonjwa wa ubwiri unga ukaunguza maua. Viwanda vikafungwa, vingine bila kupata kufunguliwa. Baadaye viliuzwa, na baadhi vikageuzwa maghala.

Kilichozuka badala yake ni meza ndogo. Mbanguaji, aghalabu mwanamke, huweka korosho kwa mkono, hukanyaga kwa mguu visu viishike, kisha hupinda wenzo ganda lifunguke. Jicho lake ndilo kipimo. Meza moja ikiharibika, jirani yake huendelea, na kikundi chaweza kuanza na meza mbili na kuongeza ya tatu fedha ipatikanapo. Wajerumani walipotangaza huko Hannover, mwaka 2011, viwanda vya mashine zilizofungamana na kompyuta, na Tume ya Ulaya ilipotaka mwaka 2021 mtu arudishwe katikati ya kazi, mafundi wa Ulaya walikuwa wakilitafuta jambo ambalo meza hizo zinalo kwa sehemu. Kwa sehemu tu, maana mafuta ya ganda huchoma vidole visivyopakwa majivu, na malipo hufuata kilo.

Vietnam ilifuata njia nyingine. Karakana zake zenyewe zilitengeneza na kurekebisha mashine za kubangulia, na tangu mwaka 2006 nchi hiyo imeipita India kwa kuuza korosho karanga ng'ambo. Miongoni mwa korosho ghafi inazonunua zimo za Mtwara.