Kamba wa Sweden na Sheria ya Agosti

Kamba wa maji baridi hawezi kukua ila kwa kujivua gamba. Siku hizo mwili wake huwa laini, naye hujificha chini ya mawe. Sehemu ya chokaa ya gamba jipya huitoa katika vijiwe viwili alivyojiwekea tumboni. Vijiwe hivyo, ajabu, viliwahi kuuzwa Ulaya kama dawa.

Nchini Sweden, kwa miongo mingi, sheria ilizuia uvuvi hadi Agosti, mayai yawe yameanguliwa na magamba yamekazika. Ilikuwa sheria ya busara, ila ilimtambua adui mmoja tu: mvuvi. Mwaka 1907 ikaingia tauni ya kamba, maradhi ya ukungu wa majini, na maziwa mengi yaliyolindwa kwa kalenda yakabaki matupu. Katika miaka ya 1960 wakaletwa kamba wa Marekani wanaoyastahimili maradhi hayo. Nao ndio wanaoyaeneza. Walaji walitazama mbali zaidi: kamba waliopandikizwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970 walisafirishwa hadi Ulaya.

Sharti la Agosti liliondolewa mwaka 1994. Karamu za kamba zingali zinafanywa Agosti, mara nyingi kwa kamba walionunuliwa ng'ambo.