M-Pesa Ilikuwa Yetu Tangu Lini?

Kila Mkenya ameshasikia ile hadithi ya mwanafunzi aliyevumbua M-Pesa akaibiwa wazo. Inasimuliwa kwa matatu, inasimuliwa kwa kinyozi, na kila baada ya muda inarudi mtandaoni ikiwa na muziki wa huzuni. Shida ni kwamba rekodi zilizopo hazisemi hivyo. Na wasee, hadithi ya kweli inauma zaidi.

Walioanzisha mradi ni Nick Hughes na Susie Lonie, wafanyakazi wa Vodafone ya Uingereza. Serikali ya Uingereza ikatoa pesa za misaada, Vodafone nayo ikaongeza zake. Majaribio yakaanza 2005 pamoja na Faulu Kenya, ili waliokopa walipe mikopo yao kwa simu. Sasa hapa ndipo panaponifurahisha: watu walipopewa ile kitu, hawakungoja maelekezo. Wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao na kulipana za biashara. Safaricom ilipoizindua Machi 6, 2007, huduma ilikuwa ya kutuma pesa, si ya kulipa mikopo. Yaani wananchi ndio waliionyesha kazi yake.

Lakini kutumia kitu si kukimiliki. Jina lilikuwa la Vodafone, programu pia. Programu ya kwanza iliandikwa na Sagentia, kampuni ya Cambridge. Seva zilikuwa Ujerumani hadi Aprili 2015. Ukiwa Karen umtumie shosho wako soo mbili Murang'a, hesabu ilikuwa inapitia Ulaya kwanza.

Na kulikuwa na ada ya leseni. Safaricom iliilipa Vodafone sehemu ya mapato ya M-Pesa. Kufikia 2019 ilikuwa asilimia 2. Unaweza kusema ni kidogo. Piga hesabu basi: mwaka wa fedha ulioisha Machi 2019, M-Pesa iliingiza karibu shilingi bilioni 75. Asilimia 2 ya hiyo ni bilioni moja unusu. Kwa mwaka mmoja.

Aprili 2020 ndipo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zikatangaza zimeinunua M-Pesa kutoka Vodafone kwa ubia: jina, utengenezaji wa bidhaa, na usimamizi wa mfumo. Miaka 13 baada ya uzinduzi. 2023 M-Pesa ikaingia Ethiopia.

Kuna watakaosema Vodafone ilihatarisha pesa yake, kwa hivyo ilistahili kulipwa. Sawa, sipingi. Bila wao labda hii kitu haingekuwepo. Ila tusidanganyane kuwa mambo yameisha: mwenye hisa nyingi zaidi ndani ya Vodacom ni Vodafone hiyo hiyo. Leseni imehama chumba, haijahama boma.

Sisi wa huku Karen tungefaa kuielewa hii hadithi kuliko wengine wote. Ardhi hii ilikuwa shamba la kahawa la kampuni ya kina Karen Blixen. Familia za Wakikuyu ziliishi hapo, zikalima, zikavuna kahawa, lakini kwa sheria ya mkoloni zilikuwa maskwota tu. Mambo yalipokwama, shamba likauzwa 1931, likakatwa ploti. Jasho lao halikuandikwa popote kwa hati. Aliyekuwa na karatasi ndiye aliyeuza.

Kwa nini mtu aliyeacha chuo kutengeneza video anajali haya yote? Kwa sababu mikataba tunayotumiwa sisi vijana inaongea lugha hiyo hiyo. Kuna kampuni iliwahi kunitumia karatasi ya kurasa nne kwa video moja ya sekunde 40. Ukurasa wa tatu ulisema watakuwa na haki zote, dunia nzima, milele. Nikauliza milele inagharimu pesa ngapi. Hawakujibu tena.

Hadithi ya mwanafunzi aliyeibiwa ni tamu kwa sababu inatupa mwizi, tukishamlaani tunalala. Ya kweli haina mwizi. Ina mkataba uliosainiwa vizuri, na mamilioni ya watu waliokipa kitu thamani bila jina lao kuwa mahali popote kwenye ile karatasi. Kwa hivyo ukiletewa yako, anza na kifungu cha umiliki. Pesa utakayolipwa leo isome baadaye.